Mikono mahiri, mwili usiotulia: kisa cha mtoto aliyezaliwa na CMV

## Kuhusu kisa hiki

Wazazi wa mtoto huyu wamekubali kisa chao kiandikwe ili wahudumu na wazazi wengine wafaidike. Jina si lake. Mahali, tarehe na kazi za wazazi nimeviondoa, na mambo mawili madogo yasiyogusa matibabu nimeyabadilisha. Tumwite Amani, mtoto wa kike, wa pili kuzaliwa. Mimi nashughulikia ukuaji na mawasiliano ya watoto wadogo katika timu iliyompokea akiwa na miezi 11. Baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yetu wenyewe.

## Usuli

Sitomegalovirusi, au CMV kama wengi tunavyoiita, ni kirusi cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga. Mtu mzima mwenye afya akikipata huona homa kidogo na uchovu, au haoni kitu kabisa, kisha kirusi hubaki mwilini maisha yote kikiwa kimelala. Hatari iko tumboni. Kikivuka kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, kinaweza kujeruhi ubongo unaoumbika na sikio la ndani. Katika nchi tajiri takriban mtoto 1 kati ya 200 huzaliwa nacho, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni wengi zaidi.

Karibu watoto 9 kati ya 10 wenye CMV huzaliwa bila dalili ya kuonekana. Wachache waliobaki huwa na umanjano, vidoa vya damu chini ya ngozi, ini na bandama vilivyovimba, au kichwa kidogo. Kati ya wale wasio na dalili, 10 hadi 15 katika kila 100 hupoteza usikivu. Kati ya wenye dalili, ni theluthi moja hadi nusu. Baadhi ya watoto hawa husikia vizuri siku wanapozaliwa na usikivu huondoka baadaye, pengine mwaka wa kwanza, pengine wa nne.

Wakati wa mimba ya Amani, mama yake alikuwa na mtoto mkubwa wa miaka miwili. Watoto wa umri huo wakiambukizwa hutoa kirusi kwenye mate na mkojo kwa miezi mingi, hata miaka, bila kuumwa. Kumalizia chakula alichobakiza mtoto, kutumia naye kijiko kimoja, kumbadilisha nepi kisha kusahau kunawa: hayo ni maisha ya mama yeyote mwenye mtoto mdogo, na ndiyo njia kubwa ya kirusi hiki. Aliyewahi kukipata zamani naye hana kinga kamili, kwa kuwa kirusi kilicholala huweza kuamka, au kirusi cha aina tofauti kikaingia juu yake.

## Miezi kumi na mmoja ya kwanza

Amani alizaliwa kwa wakati akiwa na kilo 2.4, na mzunguko wa kichwa sentimita 31.8. Namba zote mbili zilikuwa karibu na mpaka wa chini wa kawaida, na zote ziliandikwa kwenye kadi bila neno la ziada. Siku ya pili alipimwa masikio kwa kile kifaa kidogo kinachosikiliza mwangwi wa sikio la ndani. Akafaulu, kulia na kushoto. Mama aliikunja karatasi ya matokeo akaitia ndani ya kadi ya kliniki, na karatasi hiyo ikaja kuwagharimu miezi mingi.

Akiwa na miezi minne shingo bado ilikuwa ikiyumba. Mama alipouliza aliambiwa kila mtoto ana wakati wake. Miezi saba, hakai hata kwa kuegemezwa vizuri. Aliyetambua jambo la pili alikuwa bibi: mtoto akiitwa kutoka nyuma hageuki, ila akiona uso huchangamka mara moja. Mama akalipeleka neno hilo kliniki. Mhudumu akasimama nyuma ya Amani akapiga makofi, Amani akageuka, karatasi ya siku ya pili ikatolewa na kusomwa tena, na familia ikarudi nyumbani ikiwa imeambiwa kuwa masikio ni mazima.

Makofi yakipigwa karibu hutoa upepo, mtetemo na kivuli. Sauti yake pia ni kubwa kuliko ya mazungumzo. Mtoto anaweza kuyasikia makofi na bado asipate herufi kama s, f na t ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Nimewahi kuwaona wahudumu wazuri, wenye moyo, wakikitegemea kipimo hiki kwa sababu hawakupewa kingine.

Kati ya miezi saba na minane Amani alianza kusema "ba-ba-ba". Ikafika miezi kumi sauti hizo zikapungua, kisha zikabaki za koo tu. Nyumbani walidhani ni meno.

Rufaa iliyomleta kwetu ilikuwa na mstari mmoja: amechelewa kukua, huenda ni mtindio wa ubongo.

## Siku alipofika

Mama alimketisha mkekani. Amani alikaa, mikono yote miwili ikiwa imeshika sakafu mbele yake. Mfiziotherapia alipompa kijiti cha rangi akanyoosha mkono kukipokea, akaanguka ubavuni. Tukamweka kwenye kiti chenye mkanda, kiwiliwili kikiwa kimeshikiliwa, na hapo tukamwona mtoto mwingine kabisa. Aliokota punje ndogo kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada. Alihamisha kitu kutoka mkono huu kwenda ule. Alifunua kitambaa kutafuta kilichofichwa. Mfiziotherapia alipoonyesha mlango kwa kidole, Amani aliangalia mlango, si kidole.

Misuli ilikuwa milegevu kidogo. Mishtuko ya magoti ilikuwa ya kawaida, hakuna ukakamavu, hakuna upande uliozidi mwingine.

Katika mtindio wa ubongo wa kiwango cha kumzuia mtoto kukaa, kwa kawaida mikono nayo huonyesha shida kwa namna fulani. Hapa mikono ilikuwa mahiri, akili ikidadisi, macho yakifanya kazi ya ziada, na kilichokosekana ni utulivu wa mwili pamoja na sauti. Vitu hivyo viwili vina nyumba moja. Sikio la ndani hubeba koklea ya kusikia, na pembeni yake viungo vinavyoambia ubongo kichwa kimeinama wapi. Sikulifikiri hilo kwa uzito uliostahili siku hiyo. Nililifikiria nusu, upande wa kusikia tu, na nitalirudia mbele.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupima usikivu kabla ya jambo lolote jingine, kwa kipimo kinachosoma mawimbi ya neva ya kusikia mtoto akiwa usingizini. Sababu ilikuwa nyepesi: matokeo yake yangebadilisha tiba wiki ileile, lakini picha ya ubongo ingeweza kusubiri.

Sikio la kulia halikujibu hata kwa sauti ya juu kabisa ya mashine. La kushoto lilikuwa na upotevu wa kati kuelekea mkubwa. Ule mwangwi uliosikika siku ya pili ya maisha haukuwepo tena upande wowote.

## Kutafuta chanzo

Mtoto aliyefaulu kipimo cha kwanza kisha akapoteza usikivu, mwenye historia ya uzito mdogo na kichwa kidogo, anaielekeza akili kwenye CMV haraka. Kuithibitisha ndiko kugumu. Mkojo au mate yakipimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ndani ya siku 21 tangu kuzaliwa, jibu la ndiyo lina maana kwamba mtoto alizaliwa na kirusi. Zikipita siku hizo, jibu hilo hilo linaweza kumaanisha alikipata kwenye maziwa ya mama au kwa ndugu yake, ambako hakuna madhara ya aina hii kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati.

Mkojo wa Amani ulikuwa na kirusi. Wawili kati yetu tulitaka kuandika utambuzi palepale. Daktari wa watoto alikataa, na alikuwa sahihi. Aliuliza kama mtoto alichomwa kisigino alipozaliwa kwa ajili ya kipimo cha tezi ya thairoidi. Alichomwa. Maabara ilikuwa bado inaitunza kadi ya matone yale ya damu yaliyokaushwa, na kirusi kikapatikana ndani yake. Kipimo cha kadi kikisema hapana hakimalizi ubishi, kwani hukosa baadhi ya watoto. Kikisema ndiyo, kinatosha.

Picha ya MRI ilionyesha mabaka machache kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, bila kasoro kubwa ya umbo lake, na neva za kusikia zilikuwepo pande zote mbili. Macho yalipimwa kwa matone ya kupanua mboni. Hayakuwa na kovu.

## Dawa, ambayo hatukuitoa

Baba alikuwa amesoma kuhusu valgansikloviri, dawa ya kupambana na CMV, na akaja na swali lake limeandikwa. Alistahili jibu kamili.

Utafiti wa kundi la David Kimberlin wa Marekani, uliochapishwa 2015, ulilinganisha miezi 6 ya dawa hiyo na wiki 6 kwa watoto wachanga waliokuwa na dalili. Wa miezi 6 walipata nafuu ya kiasi katika usikivu na lugha walipofika miaka miwili. Lakini wote walianza dawa ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Dawa yenyewe hushusha neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, kiasi kwamba damu hupimwa kila wiki mwanzoni. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hatukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba faida ingezidi hatari hiyo.

Tulimwambia hivyo. Akauliza, "Kwa hiyo kama ile siku ya pili wangepima mkojo, angeipata?" Tukamjibu kwamba wangezungumza naye kuhusu dawa, ndiyo, na kwamba uzito na kichwa vilikuwa sababu tosha ya kupima. Aliinama muda mrefu. Sidhani tungemsaidia kwa kumficha.

## Kusikia na lugha

Visaidizi vya kusikia vilifungwa masikio yote mawili akiwa na miezi 12. Wataalamu wa usikivu hulenga mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, utambuzi ukamilike kabla ya miezi 3 na huduma ianze kabla ya 6. Sisi tulikuwa nyuma kwa nusu mwaka, na katika umri huu nusu mwaka ni nusu ya maisha ya mtoto.

Kwa hiyo tulifanya uamuzi ambao bado unabishaniwa na baadhi ya wenzetu: tulianza lugha ya alama wiki ileile, kwa nyumba nzima. Hoja ya wanaopinga ni kwamba mtoto ataegemea alama aache sauti. Hoja yangu ni kwamba ubongo wa miezi 12 unahitaji lugha leo, na sauti ingemfikia Amani vipande vipande kwa miezi kadhaa. Alama yake ya kwanza, "zaidi", ilikuja baada ya wiki tano. Kaka yake alijifunza haraka kuliko sisi wote.

Kisaidizi hakikuleta chochote sikio la kulia. Baada ya miezi mitano ya kujaribu, na chanjo dhidi ya bakteria wa nyumokoka zikiwa zimekamilika kwa ajili ya kuzuia homa ya uti wa mgongo, aliwekewa upande huo kipandikizi cha koklea, kifaa kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye neva ya kusikia, akiwa na miezi 18.

## Mizani

Hapa ndipo tulipochelewa. Kuanzia miezi 11 hadi 15 mfiziotherapia alimfanyisha mazoezi ya kuimarisha misuli ya mgongo na tumbo, kana kwamba tatizo ni udhaifu. Maendeleo yalikuwa madogo. Mama ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwamba umeme ukikatika Amani hukaa chini papo hapo na kulia hadi taa irudi.

Siku hiyo tulimzungusha kwenye kiti akiwa amepakatwa, kisha tukakisimamisha ghafla. Macho ya mtoto mwenye mizani nzima, yaani uwezo wa mwili kujua wima wake, hucheza-cheza kwa sekunde kadhaa baada ya kusimama. Ya Amani yalitulia mara moja. Vipimo kamili vilithibitisha kuwa viungo vya mizani vilikuwa karibu havifanyi kazi, pande zote mbili. Taa ndiyo iliyokuwa ikimsimamisha: alikuwa akijipima wima kwa macho, na giza lilimnyang'anya.

Mazoezi yakabadilika. Badala ya nguvu, tukafundisha macho na nyayo kufanya kazi ya sikio: kutembea miguu mitupu juu ya vitu vya maumbo tofauti, kulenga kitu kimoja kisichosogea akiwa anainuka, kupanda ngazi fupi mara nyingi kwa siku. Nyumbani taa ndogo iliachwa ikiwaka usiku. Na tuliwaeleza wazazi jambo moja ambalo lazima lisemwe kwa kila familia ya aina hii: mtoto asiye na mizani akizama kwenye maji anaweza asijue juu ni wapi, kwa hiyo hata akijua kuogelea asiachwe bila mtu mzima wa kumfikia kwa mkono.

Alitembea akiwa na miezi 22. Karibu watoto wote wenye afya huwa wametembea kabla ya miezi 18.

## Alipofika miaka mitatu

Akiwa na miaka 2 na miezi 3 Amani alianza kukivua kisaidizi cha sikio la kushoto na kukitupa. Nyumbani waliona ni ukaidi wa umri. Kipimo cha kila miezi mitatu kilikuwa kimebakiza siku tisa, nasi hatukukisubiri. Sikio lile lilikuwa limeshuka hadi upotevu mkubwa. Alikivua kwa sababu kilikuwa kimebaki kelele tu. Mashine ilirekebishwa upya kwa kiwango kipya, naye akaacha kukitupa. Kipandikizi cha pili kinazungumzwa.

Sasa ana miaka mitatu. Huunganisha maneno mawili hadi matatu kwa sauti na matano kwa alama. Kuelewa kwake kunakaribia umri wake. Kusema kuko nyuma kwa mwaka hivi. Hukimbia kwenye sakafu, huanguka kwenye mchanga na majani. Kichwa bado ni kidogo lakini kinakua kwa mstari wake. Uwezo wa kufikiri, tulipoupima kwa majaribio yasiyotegemea maneno, uko ndani ya kawaida.

## Uchambuzi

Kosa kubwa la mwanzo ni lile la kuisoma karatasi ya siku ya pili kama ahadi. Kipimo kile kilisema kweli: siku ile koklea ilijibu. Hakikuwa na uwezo wa kusema lolote kuhusu mwezi wa saba. Mtoto mwenye CMV huhitaji kupimwa usikivu mara kwa mara hadi anapokaribia kuanza shule na kuendelea, hata akifaulu kila mara. Lakini ili ujue ana CMV lazima mtu amshuku, na hapa uzito na mzunguko wa kichwa vilikaa kwenye kadi kwa miezi 11 bila mtu kuviweka pamoja. Jimbo la Ontario huko Kanada lilianza 2019 kupima CMV kwa kutumia damu ya kisigino ya watoto wachanga, na Minnesota nchini Marekani ikafuata 2023. Pasipo na mpango kama huo, kichwa kidogo, uzito mdogo usio na maelezo, au kutofaulu kipimo cha masikio, kila kimoja peke yake kinatosha kuagiza mkojo kabla ya siku ya 21.

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni kutazama pale ambapo dalili hazilingani. Neno "amechelewa" hufunika mambo mengi. Mtoto aliyechelewa kila mahali kwa kiasi kilekile ana hadithi moja. Aliyechelewa kukaa na kutoa sauti huku mikono na udadisi vikiwa sawa na umri ana hadithi nyingine. Kama tungefuata mstari wa rufaa, Amani angeingia kwenye mazoezi ya mtindio wa ubongo akiwa kiziwi bila mtu kujua.

Bado sisi tuliishika nusu ya hadithi. Sikio lilipothibitika kuwa na tatizo tulipaswa kuuliza kuhusu mizani siku ileile. Kiti kinachozunguka kilikuwepo chumbani muda wote. Miezi minne ya mazoezi yasiyolenga kitu ilimchosha mtoto na kumkatisha tamaa mama. Leo kila mtoto wetu mwenye CMV hupimwa mizani hata kama anasikia vizuri, kwa kuwa kirusi huweza kugusa upande huo na kuuacha wa kusikia.

Familia ndiyo iliyoona karibu kila kitu kwanza. Bibi aliona usikivu, mama aliona giza, na kule kutupa kisaidizi kulikuwa ni kauli ya Amani mwenyewe. Neno lao kuhusu usikivu lilijibiwa kwa makofi na karatasi.

Kosa letu la pili ni namna tulivyotoa habari. Tulisema, kwa haraka, kwamba kirusi "kilitoka kwa mama". Kwa lugha ya maabara ni kweli. Kwa mama aliyekuwa amempakata mtoto wake ilikuwa hukumu. Alikosa miadi miwili iliyofuata, na baadaye alimwambia mfiziotherapia kwamba kwa wiki kadhaa aliogopa kumbusu Amani. Tulipokaa naye upya tulianza na kaka mtu na vijiko, na jinsi watu wazima wengi wasivyojua kuwa wanacho. Tukamwambia pia kwamba kubusu kulikuwa hakuna shida kwa Amani wala kwake. Miadi haikukosekana tena.

Hofu hiyo ilitukumbusha tulilosahau. Amani alikuwa bado anatoa kirusi kwenye mate na mkojo, kama watoto wengine wengi wadogo, na hiyo si sababu ya kumtenga na wenzake. Lakini shangazi yake, aliyekuwa akishinda naye kila siku, alikuwa na mimba ya miezi miwili tulipothibitisha utambuzi, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama nyumbani kuna mjamzito. Tulijua miezi miwili baadaye, kwa bahati, mama alipomtaja. Tulimwita, tukamweleza anawe mikono kwa sabuni kila baada ya nepi na mafua, asitumie kijiko wala kikombe kimoja na mtoto, na busu aliweke kwenye paji la uso badala ya mdomoni. Alisikiliza kwa utulivu kisha akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Tulimwomba radhi.

Alijifungua salama. Mkojo wa mtoto ulichukuliwa siku ya tatu. Haukuwa na kirusi.